Nyongeza ya Mchezo Ambao Hatuna

Boksi lilikuwa zuri. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nina chuki na kitu kizuri. Lilikuja jipya, limefungwa na nailoni, na juu yake pana picha ya joka linatema moto juu ya mji wenye minara. Lilishuka kwenye gari la shirika moja lililotembelea kituo chetu cha vijana mwaka jana, pamoja na mipira miwili, kamba za kuruka na madaftari. Tukapanga mstari, tukapiga makofi, tukapigwa picha. Aliyelishika boksi kwenye picha ile ni mimi, na kicheko kile ni cha kweli, sikuigiza.

Jioni tukalifungua. Ndani mna kadi zaidi ya mia, ngumu, zinang'aa, zimechorwa na mtu anayejua kazi yake. Vijana kama kumi na tano wakanizunguka. Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha sekondari ya Msumbiji, yaani cha kuombea maji. Nikakaa na kitabu kile siku tatu, simu mkononi, natafsiri neno moja moja mpaka chaji inaisha. Siku ya tatu ndipo nikauona mstari mdogo nyuma ya boksi, maandishi kama sisimizi: hii ni nyongeza, na ili uicheze ni lazima uwe na mchezo wenyewe, unaouzwa peke yake.

Haya sasa. Tumeletewa tanga, jahazi halipo.

Nikawaambia vijana. Mmoja akauliza, "Kaka, sasa huo mchezo wenyewe uko wapi?" Nikasema uko dukani, Ulaya. Akasema, "Na waliotuletea hawakujua?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nadhani hawakujua, na sidhani kuwa walikuwa na nia mbaya. Ila kutojua kule ndiko ninakotaka kukusema humu, maana jarida letu linasomwa na sisi wa mahema na linasomwa na nyinyi wa magari, na ni mahali pachache tunaposomana.

Nieleze kwanza mchezo wa namna hii ni nini, kwa sababu hata mimi sikuujua.

Kuna michezo ya kadi ambayo kila mtu anakuja na kadi zake kutoka nyumbani. Magic: The Gathering ni wa namna hiyo. Ulitungwa na Mmarekani Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993. Kadi zinauzwa kwa pakiti ndogo, hujui ndani utakuta nini, na mwenye pesa ya kununua pakiti nyingi ana nafasi kubwa zaidi ya kupata kadi kali. Halafu mwaka 2008 ukatoka mchezo mwingine, Dominion, wa Donald X. Vaccarino, naye Mmarekani. Huu ulileta fikra tofauti: hakuna kuja na kitu kutoka kwenu. Wote mnaanza na kadi kumi zile zile, saba za shaba na tatu za viwanja. Unashika tano mkononi. Kwa hizo ulizoshika unanunua kadi bora iliyo mezani, unaiweka kwenye zile ulizokwisha tumia, fungu lako likiisha unachanga upya, na safari hii ile uliyoinunua inakuja mkononi. Kidogo kidogo fungu linanenepa na kuchukua tabia ya mwenyewe. Mmoja anapenda kujaza pesa, mwingine anapenda kuwachokoza wenzake, mwingine anatupa kadi mbovu mpaka anabaki na chache lakini zote kali. Mwaka 2009 mchezo huo ulipata tuzo ya Spiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo huko Ujerumani, na nyuma yake ikazaliwa mingi ya aina hiyo, mingine ya majoka na wachawi kama ule wa boksi letu.

Haya nimefundishwa na dada mmoja wa kujitolea, Mreno, aliyekuwa na Dominion kwenye simu yake. Tulikaa naye jioni tatu chini ya mwembe, simu katikati yetu. Na nakiri: nilipenda. Nilipenda hasa ule mwanzo. Kadi kumi kwako, kadi kumi kwangu, hata ukiwa mtoto wa waziri. Mtu aliyezaliwa huku kwetu akiusikia mchezo unaoanza sawa lazima asikilize.

Sasa, mchezo wa namna hii ukipendwa hutolewa nyongeza. Yaani boksi jingine la kadi mpya na kanuni mpya, la kuchanganya na lile la kwanza ili watu wasichoke. Kuna nyongeza chache zinazojitegemea, lakini nyingi bila ya boksi la kwanza ni picha tu. Dominion yenyewe ina nyongeza nyingi. Mojawapo, ya mwaka 2009, inaitwa Seaside, maana yake pwani. Ndani yake mna kadi ya kijiji cha wavuvi, mna mnara wa taa, mna gati, mna soko. Dada yule aliponionyesha nilicheka, naye akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia, kijiji cha wavuvi sisi tunacho, si kimoja, kuanzia Kionga mpaka chini Ibo. Vingine vilikaa miaka bila moshi wa jiko. Huko kwenu kimekuwa kadi, mtu anainunua mezani na kuendelea mbele. Simlaumu aliyeitunga. Mtu wa Marekani ana haki ya kuota pwani. Nasema tu kwamba ndoto ya mtu mmoja ni anwani ya mtu mwingine.

Turudi kwenye boksi letu. Kosa la kwanza mmeshaliona, nyongeza bila msingi. Kosa la pili lilikuwa kwenye picha.

Vijana hawakuweza kucheza, basi wakawa wanaangalia picha tu, wanapeana, wanachagua nzuri. Palikuwa na mtoto mmoja, miaka kumi na moja hivi, wa kutoka Mocímboa. Kadi iliyomfikia ilikuwa na mtu aliyefunga uso kwa kitambaa cheusi, kashika upanga, na nyuma yake nyumba zinaungua. Pembeni pana nambari kubwa, maana katika mchezo ule hiyo ni kadi kali, mtu akiipata anafurahi. Mtoto hakulia. Aliigeuza kifudifudi, akaikalia. Tukaendelea kuongea, yeye kaikalia tu. Wiki nzima baadaye hakuja kituoni.

Wenzetu wa mashirika, msinielewe vibaya. Mchoraji wa kadi ile hana hatia. Kwa mtoto wa nchi yenye amani, mtu mwenye kitambaa na upanga ni hadithi. Sisi vita vilianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na vikafika Palma tarehe 24 Machi 2021, na mimi na nusu ya wasomaji wa jarida hili tulikuwepo siku moja au nyingine kati ya hizo. Mtu mmoja angefungua boksi lile kabla, akapitisha macho kwa dakika kumi, angeiona kadi ile, angeuona na ule mstari wa sisimizi. Dakika kumi. Kumbe zawadi yetu haikufunguliwa na mtu yeyote mpaka ilipotufikia sisi.

Najua majibu, kwa sababu nimeshapewa.

Jibu la kwanza: mwombaji hachagui. Mimi najibu kwamba hatukuomba. Hakuna kijana wa kituo chetu aliyewahi kuandika popote kwamba anataka joka. Tulichoomba, na barua nakala yake ninayo, ni taa ya sola ya chumba na ruhusa ya kukitumia chumba mpaka saa mbili usiku. Mtu ukimpa asichoomba, kisha ukamwambia hachagui, hapo umechagua wewe mara mbili.

Jibu la pili ni zito zaidi, na linasemwa na watu wenye nia nzuri: vijana wakikaa bure watachukuliwa na wale wa msituni, kwa hiyo chochote kinachowashughulisha ni kinga, hata kadi. Hili naomba tuliache jamani. Kwanza linatutukana, kwa sababu linatuona sote kama watu ambao wamebakisha hatua moja tu kushika panga. Pili halina ukweli tunaoujua sisi. Waliokwenda msituni wengine tuliwajua, tulisoma nao, tulivua nao. Wapo waliotekwa. Wapo waliodanganywa kwa pesa. Wapo waliokuwa na hasira ya ardhi, ya kazi, ya kuona utajiri unapita mbele ya mlango wao kwenda mahali pengine. Sijamjua hata mmoja aliyekwenda kwa kukosa mchezo wa mezani. Mchezo ni mchezo. Una thamani yake wenyewe, mtoto anastahili kucheza kwa sababu ni mtoto, basi. Ukiufanya dawa ya ugaidi utatoa nusu dozi na kuandika kwamba mgonjwa amepona.

Jibu la tatu: kitu cha bure kina ubaya gani, kama hamuwezi kukicheza kiwekeni. Ubaya wake ni kwamba picha ile tuliyopigwa imeshaenda. Huko ilikofika sisi ni vijana waliopata mchezo. Mtu mwingine akitaka kutusaidia mwakani atasoma kwamba hawa michezo wanayo. Nyongeza isiyochezeka imeshahesabiwa kama mchezo, na mimi niliyecheka kwenye picha ndiye ushahidi.

Lakini lawama si zote kwao. Nyingine ni yangu, na ndiyo inayoniuma zaidi. Siku tatu nilizokaa na kitabu kile cha Kiingereza, nje ya dirisha langu wazee na vijana walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanacheza karata. Kila siku wanacheza. Mimi mfanyakazi wa vijana nimeinamia boksi la Ulaya, natafuta mchezo, na mchezo uko mita tano nyuma ya mgongo wangu.

Tuseme ukweli kuhusu karata zetu, maana tunazishika bila kuziangalia. Neno lenyewe karata ni la Wareno. Na aina zake nne nazo ni za Wareno: kopa, uru, shupaza na pau. Kwao ni copas, ouros, espadas, paus. Maana yake vikombe, dhahabu, mapanga na marungu. Soma tena: vikombe, dhahabu, mapanga, marungu. Mnatafuta mchezo wa hadithi za wafalme na vita? Umo mfukoni mwa babu, umekunjika pembe, tangu zamani. Wareno walikuja pwani hii na mizinga, wakachukua walichochukua, na katika vitu walivyoviacha, pamoja na meza na bendera na gereza, ni hizi karata. Na sisi hatukuzipokea kama tulivyozikuta. Angalia Waswahili walivyoziita zile zenye picha: mzungu wa pili, mzungu wa tatu, mzungu wa nne. Malkia ni mzungu wa pili, kijana ni wa tatu, mfalme ni wa nne. Watu wengi wanadhani ni majina ya ovyo. Si ya ovyo. Katika bisca na sueca, michezo ya Wareno, malkia ana pointi mbili, kijana tatu, mfalme nne. Saba ina kumi, na ree, ile yenye alama moja, ina kumi na moja. Zijumlishe kwa aina moja unapata thelathini, kwa aina nne mia na ishirini, na mwenye kufika sitini na moja ameshinda. Ndugu zetu wa Unguja na Mombasa wana mchezo wa wahedi na sitini. Sasa unajua hiyo moja na sitini inatoka wapi. Wahenga wetu walimwangalia mfalme wa Ureno usoni, na taji lake, na ndevu zake, wakamwita kwa bei yake sokoni: wewe ni wa nne.

Hiyo ndiyo nyongeza ninayoielewa mimi. Msingi umekuja na meli, watu wakauweka mkekani, wakaugeuza jina, wakauhesabu upya, ukawa wao.

Kwa hiyo tukafanya yetu. Naeleza yote ili kituo kingine kikitaka kifanye, bila kuomba ruhusa kwetu.

Chukua pakiti mbili za karata za dukani, zile za kawaida, ukatoa majoka. Wachezaji wanne. Kila mmoja anaanza na karata sita: mbili mbili, tatu mbili, nne mbili. Wote sawa. Unachanga fungu lako, unashika tatu. Katikati ya mkeka ni soko, karata tano zimelala uso juu. Jumlisha ulizoshika, nunua moja kwa bei yake. Sita bei yake sita, tisa bei yake tisa. Wazungu wana bei ya sita, saba na nane, lakini wana kazi: wa pili anakuokotea karata mbili zaidi, wa tatu anakuruhusu kununua mara mbili, wa nne anakuruhusu kutupa karata mbovu moja, isirudi tena. Saba na ree ni ghali, kumi na kumi na moja, na mkononi hazina nguvu yoyote. Ni uzito tu. Ila mwisho wa mchezo, fungu la soko likimalizika, pointi zinahesabiwa kwa hesabu ile ile ya babu, kumi na moja, kumi, nne, tatu, mbili. Hapo ndipo pana utamu. Ukikimbilia saba na ree mapema, mkono wako unajaa heshima isiyonunua kitu. Ukichelewa, wenzako wameshazimaliza. Vijana wanazozana juu ya jambo hili mpaka usiku, na huo mzozo ndio mchezo.

Baada ya wiki mbili wakasema wenyewe: tuongeze kadi zetu. Kadi zikatengenezwa na kila mtu akaleta lake. Kuna Kusi na Kaskazi, pepo mbili za bahari: ikitoka Kusi kila mtu anampa karata moja jirani wa kulia, ikitoka Kaskazi wa kushoto. Kuna Jahazi, unaweka karata moja chini yake na kuitumia zamu inayofuata. Kuna Chunusi, anayevuta watu majini, anakunyang'anya moja na kuitupa kabisa. Kuna Nunda, yule paka mla watu wa hadithi za bibi, anayekua kila akila. Kuna Foleni. Foleni haina nguvu, haina pointi, inakaa mkononi tu, na huwezi kuitupa wewe mwenyewe mpaka mwenzako akubali kukupisha. Hii ilitungwa na kijana aliyesubiri kitambulisho chake tangu kilipoungua, na kila ikitoka watu wanacheka mpaka wanalala chini.

Na kuna moja inaitwa Kukimbia. Ikikufikia unaweka chini mkono wote, unabaki na karata moja tu, unayoichagua wewe. Ililetwa na msichana wa Palma. Kadi nyingine zote tulibishana kanuni zake. Hii hakuna aliyebisha.

Hapo mtu atanikamata: umelalamika juu ya kadi ya mtu wa upanga, sasa hii je? Tofauti ni nani kaileta. Kadi ya Kukimbia ililetwa na aliyekimbia, akaandika yeye kanuni yake, na siku akitaka kuitoa kwenye mchezo ataitoa. Mtoto wa Mocímboa yule hakuulizwa. Amesharudi kituoni, Nunda amechora yeye, na Nunda wake ana meno mengi kuliko karatasi inavyobeba.

Kabla hamjatupigia makofi, nieleze tuliyokosana na wazee, maana hawa nao ni wasomaji.

Mzee mmoja alisimama mlangoni wakati wa adhuhuri. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, watu wamepoteza nyumba, wewe unawafundisha watoto kamari na majini?" Sikumjibu kwa ujeuri, kwa sababu nusu ya neno lake ni kweli. Kamari ni haramu, halina ubishi, na tumewaona watu humu kambini wakicheza mafuta ya kupikia ya watoto wao. Tukakubaliana naye: hakuna dau, hata la pipi, hata la kubeba maji. Akivunja mtu, karata zinafungwa siku hiyo kwa wote. Na mchezo unasimama kila inapoadhiniwa. Kuhusu majini, akasema jina lolote la jini analolijua mtu kwa mganga lisiandikwe. Tukayaondoa mawili.

Wazee wa Kimakonde nao walikuwa na lao. Kijana mmoja alitaka kadi ya mapiko. Wakakataa. Wakasema mapiko ni mambo ya jando, yana wenyewe na yana mahali pake, hayawekwi mkononi mwa mtoto ambaye hajaingia. Mashetani ya kuchonga wakaruhusu, maana hayo tangu miaka ya 1950 yanachongwa na kuuzwa hadharani, toka Samaki Likankoa aanze mtindo ule huko Tanganyika. Basi shetani mmoja yumo, ana mguu mmoja na masikio mawili upande mmoja. Mapiko hayamo.

Nawauliza wenzetu wa mashirika: boksi lenu lilipita kwa mzee gani? Sisi kadi ishirini zimepita kwa wazee wa misikiti miwili, kwa Wamakonde, kwa akina mama wa jikoni waliolalamika juu ya kelele, na kwa watoto wenyewe. Zimekataliwa, zimebadilishwa, zimerudi. Huo ndio ushirikishwaji mnaoutaja kwenye semina, na uligharimu pakiti mbili za karata, mkasi na kalamu za rangi.

Na kadibodi tulitoa wapi? Kutoka kwenye boksi lenu. Nasema bila kejeli. Kadi zile ni ngumu, zinashikika vizuri, hazikunjiki hata zikipata mvua. Tulibandika karatasi nyeupe juu ya majoka na tukachora juu yake. Kadi ya mtu wa upanga nayo ilibandikwa, iko chini ya mojawapo ya zile ishirini. Sijui iko chini ya ipi, na sijataka kujua.

Sasa nasema ninachotaka, ili makala hii isiishie kwenye lawama. Kwanza, kabla ya kuleta kitu, njooni mtazame watu wanacheza nini tayari. Mkeka upo nje, hauhitaji tathmini ya miezi mitatu. Bao lipo, karata zipo, vitendawili vipo. Huo ndio msingi. Nyongeza inakuja juu ya msingi, na mwenye msingi ndiye mwenye kusema ataongeza nini. Pili, kikija kitu cha kununua, kifunguliwe na mtu kabla hakijamfikia mtoto, na kikiwa na lugha, kiwe na mtu wa kuieleza lugha hiyo. Tatu, msituhesabu kwa kuwa tumeshika boksi. Mtuhesabu mkitukuta tunacheza. Nne, ile taa ya sola. Bado tunaisubiri. Foleni imo mkononi mwetu, na anayeweza kutupisha ni nyinyi.

Na nyinyi vijana wenzangu: tuache kuinuka kila gari likija. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinuka, ndiyo maana nasema. Tuna tabia ya kudhani kitu chenye nailoni kina akili kuliko kitu chenye pembe zilizokunjika. Waliotuachia mzungu wa pili na wa tatu na wa nne hawakuwa na nailoni.

Mchezo ni kila Ijumaa baada ya alasiri, kwenye chumba cha kituo mpaka giza litutoe. Wa mahema mnakaribishwa, wa magari mnakaribishwa pia. Kamera ziacheni garini. Mtavua viatu, mtakaa mkekani, na mtaanza na karata sita kama sisi.